Mlundalunda Umechanua

Ungemwuliza Nyanjige mwaka ule wa hamsini na nne ni kipi kilichomchosha zaidi, kiangazi au mumewe, asingefikiri mara mbili. Kiangazi kina mwisho wake. Mayala hakuwa na mwisho. Visima vimekauka, ng'ombe wa watu mbavu nje, asubuhi mnakula michembe na jioni matobolwa, yaani viazi vikavu juu ya viazi vikavu, na bado mwanamume mzima anarudi kutoka porini jua linazama, anaegemeza shoka ukutani, anavuta kigoda, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake ni hili:

"Mama Zengo, mlundalunda umechanua."

Si "mmeshindaje". Si "watoto hawajambo". Mlundalunda umechanua! Kana kwamba kuna mtu aliyekuwa amekaa hapo siku nzima anausubiri.

"Maua yanapikwa?" Nyanjige akamwuliza.

"Hayapikwi."

"Basi niletee kinachopikwa."

Mayala hakujibu. Hilo nalo lilimkera. Mume wa mwenzako ukimchokoza anafoka, anatupa kigoda, majirani wanakuja kuamua, mambo yanakwisha. Huyu alikuwa anatabasamu kidogo, anachukua kibuyu cha maji, anakunywa, na kesho yake anakuletea habari za mti mwingine. Mara ule wa maua mekundu kama upanga wa jogoo, hauna hata jani moja. Mara migunga imeanza kutoa maua meupe, harufu yake unaisikia kabla hujaiona. Alikuwa mtu wa mizinga, sawa, na mtu wa mizinga lazima ajue nyuki wanakwenda wapi. Lakini kuna kujua na kuna kutangaza. Na isitoshe, mizinga yenyewe ilimpa nini? Asali ya kubadilisha na chumvi, na jina. "Yule wa nyuki." Wanaume wa rika lake waliitwa kwa ng'ombe zao, yeye aliitwa kwa wadudu.

Ndiyo maana Zengo, kifungua mimba wao, alikuwa anakaribia miaka thelathini na bado analala peke yake kama bundi. Si kwamba alikosa mchumba. Mchumba alikuwepo, Wilhelmina, binti wa watu wa Binza kule Maswa, msichana mwenye mikono ya kazi na mdomo mdogo, mkamwana ambaye Nyanjige alishampenda hata kabla hajamjua vizuri. Kilichokosekana ni ng'ombe wa kumkwa, yaani wa mahari. Wazazi wa Wilhelmina walikuwa wamesubiri mwaka, wakasubiri wa pili, na sasa walishaanza kujibu salamu kwa mkato.

Mungu si Athumani, kama wanavyosema watu wa garimoshi, mwaka huohuo akatokea wa kumposa Pelagia, mdogo wake Zengo. Na si mtu hivihivi! Thomasi, mtoto wa Nkwabi wa Mwamapalala, yule Nkwabi ambaye ng'ombe zake zikipita njiani unasubiri mpaka miguu inakufa ganzi. Ng'ombe wa Pelagia wataingia mlango mmoja na kutoka mlango wa pili kwenda Binza kwa akina Wilhelmina. Hivyo ndivyo watu wanavyooa: dada anamwoza kaka. Nyanjige alikuwa ameshapanga hata mahali pa kujenga nyumba ya mwanawe, upande wa mashariki wa boma, mbali kidogo na mizinga mibovu ya baba yake.

Ilibaki pombe ya wageni, na pombe ya wageni ilitaka asali. Kwa hiyo juma moja kabla ya ng'ombe kuletwa, Nyanjige alijifunga kanga ya kazi, akajitwisha vibuyu viwili, akamfuata mumewe porini ng'ambo ya mto Duma. Walitoka alfajiri. Alilalamika njia nzima.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Walipouvuka na kupanda ukingo wa pili, Mayala akasimama. Nyanjige karibu amgonge kwa kibuyu.

"Nini tena?"

"Tazama."

Akatazama. Bonde zima lilikuwa njano. Hakuna majani, hakuna nyasi mbichi chini ya miti, ardhi imepasukapasuka, na juu yake milundalunda imesimama mmoja baada ya mwingine, imejaa maua mpaka matawi yamelemewa. Mengine yalikuwa yamedondoka, yametandaza chini. Nyuki walikuwa wanavuma mahali pote. Kwa dakika moja, si zaidi, Nyanjige alisahau kwamba vibuyu vinamwumiza shingo.

Kisha akakumbuka ni nani aliyemwambia atazame.

"Mti umevaa kama mwenda arusi, na nyumbani kwake hakuna unga," akasema. "Ndio unaoupenda wewe. Umefanana nawe."

"Mimi sijavaa hivyo tangu nizaliwe," Mayala akasema, na akacheka peke yake. "Zamani ilikuwepo hata kule kwetu. Mmechimba mizizi yote, mmechuna magome, kila anayeumwa tumbo anakwenda na jembe. Sasa siku hizi ukitaka kuliona ua hili, ni hapa tu. Kutoka hapa mpaka Bariadi hutaliona."

"Nitakufa nisipoliona."

Mayala akainua mkono haraka akampiga kofi la shingo. Nyanjige akaruka. "Ala! Unanipiga?"

Mayala akamwonyesha kiganjani: nzi wa kahawia, mabawa yake yamelaliana kama mkasi. "Mbung'o. Hao ndio wenye pori hili. Ndiyo maana mwanangwa wa kijiji alitangaza ng'ombe wasivushwe. Majani yakikauka kote, mbung'o wanajikusanya huku chini bondeni kwenye kivuli. Ng'ombe akiingia hapa wakati wa maua haya, ujue umemchinja, ila nyama yake itatembea miezi miwili."

"Mwanangwa! Mwanangwa huyohuyo anayetulazimisha kulima matuta mpaka vilimani? Serikali ikimwambia jua linachomoza magharibi atatangaza."

Lakini Mayala alikuwa ameinama. Chini ya mti, juu ya maua yaliyodondoka, palikuwa na mavi ya ng'ombe. Hayajakauka hata siku tatu. Na alama za kwato, nyingi, zimeelekea kwenye majani marefu makavu yaliyobaki upande wa mto. Kwa kuwa hapakuwa na wa kuyala, pori la mbung'o lilikuwa na majani wakati mbuga zote za watu zimebaki vumbi.

"Nani huyu analeta ng'ombe huku?" akajiuliza.

"Nyati wa mjomba wako," Nyanjige akamjibu, akasonya. "Tutarina asali leo, au tutasoma mavi?"

Walirina. Jioni, nyumbani, alipofungua kilemba akakuta maua ya njano yamenasa kwenye nguo na kwenye nywele. Alitumia muda mrefu kuyatoa, moja moja, yale maua yenye vijistari vyembamba vya mishipa, huku anamsonya mumewe kwa kila moja. Alilifahamu ua lile siku ile kuliko alivyotaka.

*

Ng'ombe wa Nkwabi waliletwa siku ya Jumamosi saa tatu asubuhi.

Hapo sema unachotaka kusema, lakini watu walisimama. Kumi na wanane, wanang'aa! Wakati ule wa njaa, wakati ng'ombe wa kijiji kizima wanainuliwa kwa mkia asubuhi ili wasimame, hawa wanakuja wanayumba kwa shibe, nundu zimesimama, ngozi unaweza kujitazamia. Mbele yao dume jekundu lenye shingo ya kiburi, na nyuma yao Nkwabi mwenyewe, amevaa koti la vita lisilokuwa na vifungo, fimbo kwapani, anatazama boma la Mayala kama mtu anayetafuta mahali pasafi pa kukanyaga.

"Mwangaluka," akasalimu, si kwa mtu yeyote hasa.

Msemaji wa upande wa bibi arusi alikuwa Ngeleja, kaka yake Nyanjige. Mayala ndiye baba, lakini nani angempa Mayala kusema? Ngeleja alikuwa na jicho la ng'ombe, na kama jicho lingepungua, mdomo ulikuwepo. Alifungua ng'ombe vinywa akatazama meno, akabana viwele, akapiga nundu kofi, akavuta masikio, na kila mara akageuka kuwatazama watu waone jinsi anavyojua. Hakuna alichokikosoa isipokuwa pembe moja iliyopinda, na hiyo alikosoa ili asionekane amefurahi.

Kule kwao ukaguzi ulikuwa na mwisho unaojulikana. Wanaume wanaweza kukagua mpaka usiku, wanaweza kukataa huyu na kudai yule, lakini mama wa binti akisimama mlangoni mwa zizi akapiga vigelegele, basi. Miti ya mlango inatolewa, ng'ombe wanaingia, na hakuna mtu chini ya jua anayeweza kuwarudisha. Awe kilema, awe kipofu, amekuwa wako. Nyanjige alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, kanga mpya, mafuta usoni, koo lake amelilainisha kwa uji. Alikuwa anamtazama yule dume mwekundu na kumwona Wilhelmina anasukuma mlango wa nyumba ya Zengo.

Zengo alikuwa upande wa pili wa zizi. Alikuwa hacheki, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka.

Ndipo Mayala akaanza kuzunguka ng'ombe.

Alizunguka polepole, mikono nyuma, na kaptura yake ile yenye kiraka cha gunia. Nyanjige akamwona. Anatafuta nini? Ng'ombe ana asali? Mayala akafika nyuma ya dume jekundu, akachuchumaa, akashika ncha ya mkia, akaanza kuchambua nywele kama mwanamke anayemsuka mtoto. Watu wa Mwamapalala wakatazamana. Mmoja akakohoa kwa kicheko.

"Mkwe," Mayala akasema aliposimama, "samahani. Hawa wamelishwa wapi?"

Nkwabi akamtazama kuanzia kwenye kiraka kwenda juu. "Wapi? Kwangu. Mwamapalala."

"Na Mwamapalala kuna majani mwaka huu?"

"Kwangu yapo." Nkwabi akamgeukia Ngeleja. "Mzee, huyu mkwe wangu ndiye yule wa nyuki?"

Watu wakaangua kicheko. Ngeleja akacheka kuliko wote, akasema, "Ndiye, mwache, ndivyo alivyo," na Nyanjige akahisi uso unawaka moto. Si kwa ajili ya mumewe. Kwa ajili yake mwenyewe, kwamba yeye, binti wa watu, amelala miaka thelathini kando ya kitu kinachochekwa namna ile.

Mayala hakucheka wala hakukasirika. Akaja mpaka mlangoni, karibu naye, akafungua kiganja ili Ngeleja aone.

"Shemeji, tazama hapa kwanza. Kabla hatujasema neno—"

Ngeleja hakutazama. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Aliyetazama ni Nyanjige.

Lilikuwa ua. La njano, limesinyaa, limegandamana na tope, na vile vijistari vyembamba vya mishipa vinaonekana waziwazi. Akainua macho kwenye mkia wa dume. Yapo mengine. Akatazama mkia wa mtamba aliyesimama nyuma yake. Yapo. Yalikuwa yamenasa kwenye nywele kama yalivyonasa kwenye nywele zake mwenyewe. Akaelewa kila kitu kwa pigo moja: unono ule umetoka wapi, zile kwato za nani, yale mavi ya nani.

Alijua. Lazima lisemwe hivyo, kwa sababu baadaye alijaribu sana kujiambia kwamba hakujua.

Na alikuwa na nafasi. Angefunga mdomo tu, amwache mtu aseme. Lakini akiachwa aseme itakuwaje? Ng'ombe watarudi Mwamapalala, Nkwabi ataondoka na matusi, Binza watamtoa Wilhelmina kwa mwingine. Hilo lilikuwa kubwa. Ila kulikuwa na jingine lililomkaba zaidi, dogo, la aibu: kwamba mtu huyu atakuwa amesema kweli. Mbele ya Nkwabi, mbele ya Ngeleja, mbele ya kijiji, kwa ua! Kwa ua, jamani! Atasimama hapo na kiraka chake cha gunia, na kitu kile alichomletea mlangoni kila jioni kwa miaka thelathini, kitu alichomwambia hakipikwi, ndicho kitakachoamua mambo ya wanaume. Na yeye Nyanjige atamtazama vipi tena?

Mayala akafungua mdomo. "Maua haya yapo mahali pa—"

Nyanjige akarusha kichwa nyuma, akapiga vigelegele.

Alipiga vikali mpaka ng'ombe wakashtuka. Wanawake nyuma yake, waliokuwa wamechoka kusubiri, wakadakia. Akapiga mara ya pili kabla ya kwanza haijaisha, na mara ya tatu, huku anamtazama mumewe usoni, na sauti ya Mayala ikamezwa kama haikuwahi kuwepo. Vijana wakachomoa miti. Dume jekundu likaingia. Nkwabi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, tabasamu la upande mmoja, na akaanza kuuliza pombe iko wapi.

Mayala alibaki amesimama, ng'ombe wanampita kulia na kushoto. Alimtazama mkewe, akatazama kiganja chake, akamtazama tena. Ameona kwamba nimeona, Nyanjige akawaza. Kisha Mayala akafuta kiganja kwenye kaptura, akaenda kusaidia kuwagawia wageni pombe.

*

Pelagia aliolewa. Wa Binza wakaambiwa ng'ombe wapo, waje baada ya mvua, njia zikikauka.

Mvua ya kwanza ilipokuja, dume jekundu liliacha kula. Macho yakaanza kutoa machozi, manyoya yakasimama, ile ngozi ya kujitazamia ikawa kama gunia la zamani. Ngeleja akaja, akafungua kinywa, akatazama meno, akasema ni majani mapya yamewachafua tumbo. Kufikia palizi ya pamba walikuwa wamekufa sita. Bwana mifugo akaletwa, kijana mwenye mkoba, akatoboa sikio la mtamba akachukua damu, na siku aliyorudi akauliza swali moja: "Nani aliwapeleka ng'ombe hawa kwenye mbung'o?"

Ngeleja akavaa viatu akaenda Mwamapalala kudai. Nkwabi alimpokea vizuri, akampa hata maziwa ya mgando, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi mwenyewe nilisikia vigelegele. Wazee wangu wote walivisikia. Sijawahi kusikia vikali kama vile." Akacheka, akamsindikiza mpaka njiani.

Wa Binza walipokuja, hawakuingia hata ndani. Walisimama kwenye zizi, wakatazama wale watano waliobaki wakiwa wameegemeana, wakaaga kwa adabu. Kabla ya mavuno Wilhelmina alikuwa ameolewa na fundi wa reli. Zengo alifunga nguo zake katika kitambaa, akatembea mpaka Malampaka, akapanda garimoshi. Alimuaga mama yake vizuri, akamshika mkono. "Si kosa lako, mayu," akamwambia. "Wewe ungejuaje?"

Neno hilo lilimkaa Nyanjige kooni kama mwiba wa samaki. Alisubiri Mayala aliseme lile lingine. Alilingoja kila jioni: nilitaka kukuambia, ukanizima. Alikuwa hata ameandaa majibu, makali, ya kumkata maini. Ungemwona akipika huku midomo inacheza, anagombana na mtu aliyekaa kimya kwenye kigoda. Lakini Mayala hakusema. Alikula, akashukuru, akauliza kama kuni zipo. Na Nyanjige, ambaye alimdharau kwa maneno yake tangu ujana wao, akagundua kwamba hajui kumdharau mtu asiyesema kitu. Dharau yote ile ilikuwa imebaki mikononi mwake, na hapakuwa na wa kumpa isipokuwa mwenye vigelegele.

Kiangazi kikaja tena. Visima vikakauka, michembe ikarudi. Jioni moja ya mwezi wa tisa Mayala akatoka porini jua linazama, akaegemeza shoka ukutani, akavuta kigoda. Akanyamaza. Nyanjige alikuwa ameinama juu ya chungu, amempa mgongo. Alingoja mpaka maji yakachemka na kuanza kumwagika kwenye moto.

"Baba Zengo," akasema, bila kugeuka. "Huko ng'ambo. Mlundalunda umechanua?"

"Sijaangalia," Mayala akasema.

Nyanjige akageuka na bakuli la michembe. Mumewe alikuwa amenyoosha mkono kulipokea, anatazama moto. Kwenye ukosi wa shati lake, karibu na shingo, palikuwa na ua la njano. La leo, halijasinyaa hata kidogo. Mkono wa Nyanjige ukainuka wenyewe kwenda kulitoa, ukafika katikati ya njia, ukashuka.

"Kula," akamwambia. "Itapoa."

Mayala akala. Alipomaliza akanawa, akasema asante, akachukua kigoda chake akaenda kukaa kando ya zizi tupu, na ua lake shingoni.